Nairobi hadi New York: mzunguko wa dunia haufupishi safari

Wengi huamini kwamba kwa kuwa dunia huzunguka kuelekea mashariki, ndege iendayo magharibi hufika upesi, eti uwanja unakuja kuilaki. Sivyo. Hewa inayoibeba ndege huzunguka pamoja na dunia.

Njia hii ina takriban kilomita 11,800. Kwenda huchukua kama saa 15, kurudi kama 14. Tofauti huletwa na upepo mkali wa kimo cha kilomita 10 hivi, uvumao kutoka magharibi: kwenda huipinga ndege, kurudi huisukuma.

Kinachopotosha hasa ni tiketi. Ukiruka saa 5 usiku, unatua saa 1 asubuhi. Zinaonekana saa 8 tu. Lakini kila saa iliyoandikwa ni ya mahali pake, na New York iko nyuma kwa saa 7 (majira ya baridi, 8). Zijumlishe: 15.