Kitundu cha bodi msikizibe moja kwa moja jamani

Juzi kijana kaniletea bodi ya kupanda mawimbi kaifunga nyuma ya bodaboda, upande wa juu umevimba kama andazi na ubavuni plaiwudi imeachana na gundi shubiri nzima. Kabla hajazima pikipiki nishajua. Nikapapasa puani pale kwenye kitundu cha kupumulia, nakuta epoksi, ile gundi ya kuchanganya, ngumu, imepigwa msasa na rangi juu. "Si niliona kuna tundu kaka, nikasema maji yataingia." Huyu ni wa nne. Sasa leo naandika nimalize.

Bodi zetu hapa Bagamoyo hazina povu, ndani ni tupu. Kuna mkuku toka pua hadi mkia, mataruma yaani mbavu za ndani, plaiwudi ya milimita 4 juu na chini, faibaglasi, epoksi, basi. Sijavumbua mimi, Mmarekani Tom Blake alipewa hataza ya bodi tupu mwaka 1932. Ila mimi aliyenifundisha kuchonga mataruma ni babu mmoja fundi wa mashua hapa ufukweni. Siku ya kwanza nampelekea mchoro, shikamoo, marahaba, akauangalia weee, akaniuliza, "Mwanangu hii ni mashua umeifunika juu. Mashua inapumua. Hii itapumulia wapi?" Hajawahi kupanda wimbi maisha yake yote na swali la maana kuliko yote kaliuliza yeye.

Haya twende taratibu, maana hapa ndo watu wanaponichosha. Hewa ikipata joto inatanuka. Bodi umeilaza juani, hewa ya ndani imetoka nyuzi 27 imefika 60, haina pa kutokea, mgandamizo unapanda kama asilimia 11. Unasema ah, 11 tu? Piga hesabu. Ni zaidi ya gramu 100 kwa kila sentimita ya mraba, na bodi ya futi 9 upande wa juu ina kama sentimita za mraba 12,000, yaani zaidi ya tani moja inasukuma kutokea ndani, na kinachoizuia ni kaplaiwudi na mstari wa gundi mwembamba kama uzi. Gundi gani itavumilia hiyo kila siku?

Na hilo ndo dogo. Kubwa ni pale unapoibeba bodi ya moto unaitupia baharini. Hewa inapoa ghafla, inasinyaa, ndani panakuwa na mvuto, na kama kuna ufa hata wa unywele bodi inanyonya maji kama mtu anavyonyonya dafu kwa mrija. Kwahiyo wewe uliyeziba ili maji yasiingie ndo umeyaita. Naomba sentensi hiyo uisome tena.

Kitundu kina kizibo cha skrubu chenye mpira. Ukitoka majini fungua. Kabla ya kuingia weka bodi kivulini kizibo kikiwa wazi, ipoe kwanza, ndo ufunge. Huko nje kuna vizibo vyenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji, nilijaribu kimoja, chumvi ikakauka juu yake nikaanza kutokiamini, ila sijui kama nimekionea. Hata mataruma yangu, naweka kila sentimita 20 na kuna siku nikisimama juu nahisi plaiwudi inabonyea nasema labda ingekuwa 15, alafu nakumbuka uzito, naacha.

Uzito ni muhimu kwetu kwasababu mawimbi yetu madogo, Unguja iko mbele imekinga, tunategemea upepo wa kusi na maji yakijaa, bamvua ndo raha zaidi. Yakipwa bahari inaenda mbali kweli. Kwahiyo muda mwingi tunasubiri, bodi zote kivulini vizibo wazi, mwalimu wa sekondari, vijana wawili wa dau, babu na tezo lake, mimi, mihogo ya kukaanga kwenye gazeti. Urafiki wetu umejengwa hapo, nje ya maji. Mtu akinyanyuka kuingia lazima mwenzake amgeuzie bodi amkagulie kizibo, hakuna anayejikagulia mwenyewe. Tumezoeana hivyo mpaka ukikosekana siku mbili mtu anakufuata nyumbani kuuliza kulikoni.

Huyu kijana alikuwa anapanda peke yake, kajifunza kwenye video, hakuwa na wa kumwambia. Nikachukua keekee nikatoboa palepale alipoziba, hewa ikatoka pyuuu, babu akainamisha bodi pua chini, yakaanza kuchuruzika maji ya kahawia yananuka gundi na mbao iliyolowa, zaidi ya nusu ndoo. Kijana akakaa kimya anayaangalia tu. Babu akamwambia iache ikauke wiki mbili kivulini, alafu njoo na tyubu za baiskeli za kukazia plaiwudi tukiigundisha upya, sisi wengine tutakuwepo.