Gauni la magamba elfu moja

Wanaofika jumba la sanaa la Tate, London, kutazama picha ya mwigizaji Ellen Terry akiwa Lady Macbeth, iliyochorwa na John Singer Sargent mwaka 1889 huvutwa na lile taji analoliinua juu ya kichwa. Mimi hutazama mikono ya gauni, ile mirefu inayoning'inia kuelekea chini, kwa sababu najua inavyolemea.

Wengi hudhani ni hariri iliyodariziwa. Siyo. Ni kroshia, kazi ileile ya kulabu na uzi inayofunika makochi ya shangazi zetu.

Mbunifu wa mavazi Alice Comyns Carr alilibuni gauni hilo kwa ajili ya tamthilia ya Shakespeare, Macbeth, katika ukumbi wa Lyceum Theatre, London, Desemba 1888. Alitaka Lady Macbeth aonekane kama amevaa deraya ya vikuku vya chuma iliyo laini, na papo hapo awe na ngozi ya nyoka. Fundi wake, Ada Nettleship, akapata uzi kutoka Bohemia: kijani kilichosokotwa na bluu ya kumetameta. Gauni likafumwa, likakaa vizuri mwilini, ila halikung'aa vya kutosha. Ndipo yakaletwa magamba ya mbawakawa.

Gamba hapa ni lile la juu, gumu, linalofunika bawa la kurukia. Mafundi wa India walikuwa wakiyashona kwenye nguo muda mrefu kabla ya Waingereza kuyapenda. Kijani chake si rangi ya kuchovya. Ni matabaka membamba mno yanayorudisha mwanga, ndiyo maana hadi leo hakijapauka. Lyceum iliwashwa taa za gesi. Mwigizaji akigeuka kidogo tu, kila gamba linametameta kwa wakati wake.

Kulishona gamba ni kazi nyingine. Siku ya kwanza nilijaribu magamba matano, nikavunja manne. Likikauka hupasuka kama ganda la karanga. Sasa nalishikilia kwanza juu ya mvuke wa birika hadi lilegee, natoboa kwa sindano nyembamba mbali kidogo na ukingo, kisha naacha uzi ulegee. Ukiukaza, unalikata mwenyewe.

Gauni lile lina magamba yapata 1,000. Moja halina uzito wa kutaja, lakini kroshia huvutika, na kila onyesho lilizidi kuivuta. Kwangu mimi hiyo ndiyo akili ya gauni lile, na ndiyo kasoro yake: kilicholifanya litiririke kama nyoka ndicho kilicholichosha. Zenzie Tinker na wenzake mjini Brighton, waliolikarabati hadi 2011, walitumia zaidi ya saa 1,300. Magamba yaliyovunjika waliyaunga kwa karatasi laini ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano.

Mwandishi Oscar Wilde alitania kwamba Lady Macbeth huwanunulia mumewe na watumishi nguo za kwao Uskoti, bali zake mwenyewe huzifuata Byzantium, mji wa kale wa fahari. Kwenye pindo zilizodariziwa kwa dhahabu na vito, hakukosea.

Gauni liko Smallhythe, Kent, palipokuwa nyumbani kwa Terry mwenyewe, ndani ya kabati la kioo. Ukifika usisimame katikati. Nenda pembeni, piga magoti kidogo, kisha sogea taratibu: kijani kitageuka bluu mkono mzima.