Anayemuuguza mzee naye ana mgongo

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, nafanyia kazi hapa Mbeya, na wagonjwa wangu wengi ni wazee waliopata kiharusi au waliovunjika nyonga. Leo nataka nimuongelee yule anayekaa nao nyumbani. Maana ndugu wakinipigia simu swali ni lile lile, baba anaendeleaje, mama ameanza kukanyaga? Yule binti anayemgeuza usiku kucha hakuna anayemuulizia.

Na huku kwetu Nyanda za Juu Kusini hili lina uzito wake jamani. Ukimwi ulitupiga sana, Njombe mpaka leo ndo inaongoza nchini kwa kiwango cha maambukizi, bibi zetu wengi walizika watoto wakabaki kulea wajukuu, sasa wamezeeka na wale ambao wangewatunza hawapo, waliobaki wako Dar au Tunduma kwenye biashara, kwa hiyo nyumbani unamkuta mjukuu mmoja, au mkamwana, au babu wa miaka 75 ndo anamuuguza mkewe. Hela zinatumwa, na zinasaidia kweli, ila muamala haumgeuzi mtu saa nane za usiku.

Nianze na kunyanyua maana hapo ndo watu wanaumia sana. Ninachokikuta majumbani ni mtu anasimama mbele ya mzee, anampitisha mikono kwapani, anavuta. Hapo umeumia wewe kiuno na mzee umemuumiza bega, hasa wa kiharusi, kwa sababu upande uliopooza misuli haishikilii tena bega vizuri, ukivuta ule mkono mfupa unateleza kutoka mahali pake na maumivu yake ni ya muda mrefu.

Fanya hivi. Mgeuze kwanza alale ubavu, shusha miguu, msaidie akae, halafu mpe dakika moja mbili kizunguzungu kiishe. Msogeze makalio mpaka karibu na ukingo wa kitanda, nyayo zote mbili zikanyage chini na zirudi nyuma kidogo ya magoti. Mfunge kitenge kiunoni ukikaze, utashika hapo, sio mkononi. Wewe kunja magoti, mgongo unyooke, goti lako likinge lile goti lake dhaifu lisikunjike, alafu mwambie ainame mbele mpaka pua ifike usawa wa vidole vya miguu, mnahesabu wote moja, mbili, tatu. Akiinama hivyo makalio yanaanza kunyanyuka yenyewe, na wewe utaona uzito umepungua kabisa. Kama hawezi kukanyaga hata kidogo basi usimnyanyue peke yako, ita mtu.

Asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya masaa mawili hivi, asipate vidonda vya kulalia. Tandika shuka lililokunjwa mara mbili kuanzia mabegani mpaka mapajani, mkiwa wawili mnavuta shuka, sio ngozi. Na naomba sana tuache kumsugua mzee spiriti mgongoni, tuache na zile glovu zilizojazwa maji chini ya visigino, na ringi za kukalia, vyote hivyo havizuii kidonda na vingine vinakiharakisha. Weka mto chini ya mashavu ya miguu, kisigino kibaki hewani kisiguse kitu. Ngozi yetu nyeusi usisubiri wekundu, ukiwa unamuogesha angalia juu ya makalio, nyongani na visigino, ukiona pamekuwa peusi kuliko pembeni, au pana joto, au pamekuwa pagumu, ujue kidonda kimeanza, mzee asilalie tena upande huo na mpigie nesi.

Mwezi wa sita na wa saba baridi letu mnalijua. Jiko la mkaa usiliingize chumbani kwa mzee mkafunga madirisha, ile hewa yake haina harufu na inaua nyumba nzima. Na chupa ya maji ya moto usiiweke upande uliopooza, hasikii, ataungua kimya kimya. Soksi, kofia, blanketi la pili, inatosha.

Kitu kingine. Mzee aliyekuwa anaongea vizuri juzi, leo ghafla anaona watu ukutani au hamjui mwanae, huyo anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Mara nyingi ni maambukizi kwenye mkojo, nimonia, kukaukiwa maji au dawa fulani, na vinatibika. Nalisema hili kwa uchungu maana familia nyingi zinaanzia kwa mganga, na anayekuja kutajwa mchawi ni yule yule mkamwana anayemuosha kila siku.

Sera ya taifa ya wazee inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na asiye na uwezo anastahili kutibiwa bure kwenye vituo vya serikali, kwa hiyo ulizeni kitambulisho chake kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, au kwa afisa ustawi wa jamii.

Alafu kaeni kikao, hata cha simu, na kabla ya hela ongeeni zamu. Nani anakuja Ijumaa mpaka Jumapili ili dada alale usiku mzima? Nani anampeleka huyo dada mwenyewe akapime presha na kiuno? Andikeni na majina kabisa. Na mzee akiruhusiwa kutoka wodini msikubali kuondoka na karatasi ya dawa tu, mwambieni nesi au mtu wa fiziotherapia awaonyeshe kumgeuza na kumsimamisha, alafu yule atakayekaa nae nyumbani afanye kwa mikono yake mwenyewe, mtaalamu akiwa pale pale anamrekebisha.