Tunachodai ni karatasi za chipu, sio draiva tu

Malalamiko tunayoletewa sana hapa kitengo cha tehama ni yale yale, mtu kanunua laptopu used huko mjini Mwanza, kaweka Linux, mfumo huria wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, sababu hana hela ya leseni au kachoka na virusi, kila kitu kinaenda ila waifai haionekani kabisa, basi anahitimisha kwamba Linux mbovu. Sasa tuelewane kidogo hapo, mara nyingi tatizo lilianzia kwa aliyetengeneza chipu ya waifai akaificha namna inavyofanya kazi, na hili hata mafundi wetu wengi wazuri tu hawalijui.

Ndani ya chipu kuna rejista, yaani vijisehemu vya kuwekea namba. Draiva, yaani programu inayoifanya kompyuta iongee na kifaa, ikiandika namba fulani kwenye rejista fulani redio inawaka, ikiandika nyingine inahama chaneli, ikisoma rejista ya tatu inajua data imefika. Nani anajua ipi inafanya nini? Mtengenezaji, na ameshaandika yote kwenye datashiti, yaani karatasi za maelezo ya chipu, kurasa mia kadhaa wakati mwingine hata elfu. Asipoitoa, anayeandika draiva kwa kujitolea anabaki kuchungulia draiva ya Windows inatuma namba gani, anaiga, anajaribu, inakwama, anarudia. Ndo ilivyokuwa kwa chipu za waifai za kampuni ya Broadcom, watu wakaichambua draiva iliyofungwa wakaandika maelezo yao wenyewe, wengine wakachukua maelezo hayo wakatengeneza draiva, miaka imekatika kwa kitu ambacho kampuni ilikuwa nacho kabatini muda wote! Broadcom wenyewe walikuja kutoa draiva huria, yaani ambayo msimbo wake yeyote anausoma na kuubadili, Septemba 2010, tena ya chipu zao mpya. Atheros, watengenezaji wengine wa chipu za waifai, waliwatangulia na draiva yao huria ya ath9k mwaka 2008, na hadi leo laptopu kuukuu yenye chipu hizo huwa haisumbui kwenye Linux.

Kwenye kadi za picha ni hivo hivo. Kampuni ya AMD ilinunua ATI, watengenezaji wa kadi za picha, mwaka 2006, ilipofika Septemba 2007 ikaanza kumwaga nyaraka za rejista hadharani, yeyote asome bila kusaini kitu. Mshindani wake NVIDIA ikakaza, watu wa mradi wa Nouveau, wanaoandika draiva huria ya kadi za NVIDIA, wakawa wanabahatisha mwaka hadi mwaka, mpaka Linus Torvalds, muanzilishi wa Linux, mwaka 2012 kule Finland akainyooshea kampuni kidole cha kati mbele ya kamera (mzee wa watu alichoka, nami simlaumu). Mei 2022 ndo wakafungua ile sehemu ya draiva inayokaa kwenye keneli, yaani kiini cha Linux.

Kuna wanaosema kampuni ikishatoa draiva yenye msimbo wazi inatosha, nyaraka za nini tena. Mimi sikubaliani. Kampuni nyingine humpa mwandishi datashiti kwa mkataba wa siri, anaandika draiva, msimbo unatoka hadharani sawa, ila ukiufungua unakuta namba tupu, andika 0x3F hapa, subiri kidogo, andika 0x81 pale, sababu hakuna, maana sababu iko kwenye karatasi asiyoruhusiwa kuonyesha. Siku akiacha kazi, hiyo draiva haina mwenyewe, kila mtu anaogopa kuigusa. Ndo maana Theo de Raadt na wenzake wa OpenBSD, mfumo mwingine huria wa kompyuta, walikataa mikataba ya namna hiyo, wakawa wanadai nyaraka zenyewe. Alafu chipu zina kasoro zake za kuzaliwa ambazo programu inatakiwa izikwepe, mtengenezaji muungwana huziorodhesha, usipoipata hiyo orodha unaweza ukatafuta kosa kwenye msimbo wako wiki nzima wakati kosa liko kwenye chuma.

Tulete huku ziwani. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, na siku hizi mitumbwi mingi imeacha karabai inatumia taa za LED na betri, nyingine zinachajiwa kwa sola. Tuseme kijana wa Igoma anataka atengeneze kiprogramu cha kumuonyesha mwenye mtumbwi betri zake zimebaki na chaji kiasi gani kabla hawajatoka. Kidhibiti chaji, kile kifaa kinachosimamia betri inavyochajiwa, kina waya wa data, vingi vinatumia Modbasi, utaratibu wa vifaa kusomana rejista, kwaiyo anachohitaji ni jedwali moja tu linalosema volti iko rejista namba ngapi, ampia ngapi, na namba inayosomwa igawanywe kwa 10 au kwa 100. Akiwa nalo ni kazi ya wikiendi moja. Asipokuwa nalo atasoma 1284 asijue ni volti 12.84 au ni kitu kingine kabisa, na akikosea watu wanaweza kuzimikiwa taa katikati ya maji.

Nyaraka zina nguvu kweli jamani. Mwaka 2014 chipu ya ESP8266 ya Espressif ya China ilianza kusambaa, bei chee, ila maelezo karibu yote ya Kichina, watu wakajikusanya wakayatafsiri, kampuni nayo ikatoa vifaa vya kuandikia programu, muda si mrefu ikawa kila mahali. Sehemu ya waifai ndani yake bado ilibaki imefungwa, sio kwamba mambo yote yalikuwa mazuri.

Kwaiyo ukienda kununua laptopu nenda na flashi yenye Linux, muombe muuzaji uiwashe, andika amri lspci -k inayoorodhesha vifaa vya ndani na draiva zake, uangalie kama kila kifaa kimepata draiva na chipu ya waifai ni ya nani. Kwa shule na ofisi zinazonunua kwa tenda, andikeni mapema kwenye masharti kwamba mzabuni alete datashiti au jedwali la rejista la kila kifaa kitakachounganishwa na kompyuta, lisilo na masharti ya siri, na lipokelewe siku moja na mzigo, maana mkishalipa yote hakuna atakayewapigia simu.