Kabla ya Mhojaji Kubisha Hodi

Ripoti ya dhuluma za kijinsia ikitoka na kaunti za huku kwetu magharibi zikatajwa, swali ninaloulizwa Kisumu ni moja: hizo takwimu mlizitoa wapi? Ni swali la haki, na wanaouliza wanastahili jibu kamili. Kazi yangu ni kupanga tafiti za kaya. Katika utafiti wa kitaifa wa dhuluma za kingono, takwimu huamuliwa mapema sana, wakati bado tunabishana nani aulizwe, aulizwe wapi, na nani akiwa karibu.

Tuanze na rekodi za polisi na hospitali, maana wengi hudhani zinatosha. Anayefika hospitali ya Jaramogi akajaziwa fomu ya PRC, ya huduma baada ya kubakwa, au akafika kituo cha polisi akapewa P3, fomu ya kurekodi majeraha, ni yule aliyepata nauli, ujasiri na mtu wa kumsindikiza. Dawati la jinsia la polisi likifunguliwa Muhoroni kesho, ripoti zitapanda hata kama dhuluma hazijaongezeka, kwa sababu watu wamepata pa kusemea. Rekodi hizo zinatuonyesha waliofika kwenye huduma. Kiwango cha dhuluma katika jamii hakijulikani mpaka twende nyumbani kwa watu, pamoja na wale ambao hawajawahi kumwambia yeyote.

Kisha tuamue tunapima nini: kitendo gani, kilichotendwa na nani, na lini. Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya wa 2022 (KDHS) ulionyesha kuwa asilimia 13 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa dhuluma ya kingono, na asilimia 7 katika miezi 12 kabla ya kuhojiwa. Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto wa 2019 uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 kuhusu utoto wao: asilimia 15.6 ya wanawake na 6.4 ya wanaume walisema walidhulumiwa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Tafiti hizo mbili ziliwauliza watu tofauti kuhusu vipindi tofauti, na mtu akiziweka kando kwa kando kama ushindani, anapotosha. Ulinganisho wenye maana ni wa utafiti huo wa watoto na ule wa kabla yake wa 2010, uliopata asilimia 32 kwa wanawake na 18 kwa wanaume. Hata hapo ninataka kwanza kuona maswali, mafunzo na sampuli za miaka yote miwili ndipo niseme hali imekuwa bora.

Sheria nayo haitupi kipimo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ina kifungu cha 43, kinachoeleza ni lini kitendo huhesabiwa kuwa hakikuwa na hiari, lakini kifungu hicho kinasema hakiwahusu watu waliooana kisheria. Utafiti ukifuata mpaka huo, mke anayelazimishwa na mumewe anatoweka kwenye hesabu. Kwa hiyo hojaji hutaja kitendo chenyewe: je, mumeo amewahi kutumia nguvu kukulazimisha kufanya ngono wakati hukutaka? Hatuulizi kama amewahi kubakwa. Wengi waliolazimishwa na mume, mpenzi au jamaa hawaiti hivyo yaliyowapata, na swali la namna hiyo huwafanya waseme hapana kwa unyofu kabisa.

Hesabu ya sampuli ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Tukichukua asilimia 13 na kutaka jibu lisipotoke kwa zaidi ya pointi 2 juu au chini, tunahitaji wanawake 1,086 kama wangechaguliwa mmoja mmoja kutoka nchi nzima. Lakini tunachagua kwanza maeneo ya kuhesabia watu yaliyochorwa kwa sensa ya 2019, kisha kaya ndani yake, na majirani hufanana. Hapo idadi tunaizidisha mara mbili, tunaongeza nafasi ya watakaokosekana au kukataa, na tunafika karibu 2,400. Hiyo ni ya taifa zima. Gavana akitaka usahihi uleule kwa kila kaunti, zidisha kwa 47: karibu wanawake 113,000.

Sasa nyumbani. Hapa ndipo ninapotaka muda mwingi zaidi wa mipango, na hapa ndipo wafadhili huona tunachelewa.

Fikiria chumba cha kupanga Nyalenda au Kaptembwa, ukuta wa mabati, jirani anasikia redio yako neno kwa neno. Au boma la Nyakach ambapo mama mkwe yuko hatua chache tu na lazima amjue mgeni. Mwanamke akiulizwa hapo kuhusu mumewe, atasema hakuna kitu, na ana sababu nzuri. Tena mume akijua mkewe aliulizwa nini, mke anaweza kupigwa jioni hiyo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa usalama wa tafiti za namna hii mwaka 2001, na misingi yake bado ndiyo tunayoifuata. Utafiti unatambulishwa kwa chifu, mzee wa mtaa na kaya kama utafiti wa afya na maisha ya familia. Mhojiwa mwenyewe huelezwa mada yake halisi wakiwa wawili tu, kisha anaamua kama ataendelea. Katika kila nyumba anachaguliwa mwanamke mmoja peke yake, ili mwingine asijue maswali. Mtu akitokea, hata mtoto anayeweza kusimulia, mhojaji anahamia kwenye chanjo za watoto na maji ya kunywa yanakotoka. Faragha isipopatikana, sehemu ya dhuluma inaachwa, na sababu inaandikwa. Utafiti wa watoto ulikwenda mbali zaidi kwa kuwahoji wanawake na wanaume katika maeneo tofauti, ili mdhulumu na aliyedhulumiwa wasikutane ndani ya sampuli ya kijiji kimoja.

Kuna bei ya kitakwimu. Mwanamke anayeishi na wengine watatu wanaostahili kuhojiwa alikuwa na nafasi moja kati ya nne, kwa hiyo jibu lake linazidishwa kwa nne wakati wa uchambuzi. Ni kazi ya mezani, na ninailipa bila kinyongo.

Orodha ya kaya pia ina mashimo. Wanafunzi wa bweni hawapo nyumbani muhula ukiendelea, na kanda yetu imejaa shule za bweni, kwa hiyo kazi ya nyanjani inayohusu vijana hupangwa likizo. Wavuvi na wachuuzi wa samaki huhama kutoka ufuo mmoja hadi mwingine, na ni ufuoni ambako mwanamke anaweza kudaiwa ngono ili auziwe samaki, mtindo uitwao jaboya. Wafanyakazi wa mashamba ya maua Naivasha wako kazini mchana, basi mhojaji arudi jioni au Jumapili. Wanaoishi mitaani na walio gerezani hawaguswi kabisa na utafiti wa kaya, na ripoti inapaswa kulisema hilo waziwazi.

Kwa wanawake, wahojaji wawe wanawake, wasiwe wenyeji wa eneo wanalofanyia kazi, na wafunzwe kwa wiki kadhaa, pamoja na kusikiliza bila kuhukumu. Baadhi yao wameyapitia wenyewe, kwa hiyo mshauri nasaha awepo kwa ajili yao pia. Huduma za rufaa zikaguliwe kabla: je, kituo kina dawa za kuzuia HIV, ambazo lazima zianzwe ndani ya saa 72? Kila mhojiwa, awe alisema ndiyo au hapana, huachiwa karatasi ndogo ya huduma za afya kwa ujumla ambamo namba 1195 na 116 zimo katikati ya nyingine, ili hata ikionekana isimletee maswali.

Bajeti ikibanwa, watu hukimbilia kukata mafunzo, ziara za kurudia na mshauri. Mimi hukata sampuli. Wanawake 2,400 wakipungua hadi 1,800, kosa letu la makadirio, juu au chini, linapanda kutoka pointi 2 hadi takriban 2.3, na hilo linaandikwa ukurasa wa kwanza wa ripoti kila mtu alione. Aliyesema hapana kwa sababu mumewe alikuwa amesimama mlangoni hajumuishwi katika kosa hilo. Yeye huhesabiwa kuwa hakudhulumiwa. Ndiyo maana mimi huwatumia wafadhili hesabu hiyo kabla ya kikao cha kwanza cha bajeti.