Rivolva ya Bei Nafuu kwa Mlenga Shabaha: Hesabu Risasi Kabla ya Kuhesabu Noti

Wengi wanaofika kwenye kitengo chetu cha mafunzo ya usalama wa silaha hapa Nairobi wakitafuta rivolva ya kwanza, yaani bastola ambayo risasi hukaa kwenye vyumba vya silinda inayozunguka, huja na swali lile lile: ipi ya bei nafuu itakayonifaa kwa kuwinda na kwa kulenga shabaha? Swali hilo limeokotwa Marekani, ambako mtu anaweza kuingia msituni na rivolva kiunoni na kibali cha kuwinda kulungu mfukoni. Hapa nusu yake inaanguka papo hapo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haikulegeza kamba. Swala aliyeruka ua wako kule Kitengela hageuki kitoweo eti kwa sababu una leseni ya silaha. Mnyama akileta usumbufu, wa kuitwa ni KWS, shirika la wanyamapori la serikali.

Nimeanza na hilo kwa sababu linabadilisha ununuzi wote. Mwindaji wa Marekani hutafuta nguvu ya kumwangusha mnyama kwa risasi moja, ndiyo maana utamsikia akisifu risasi kali za .357 Magnum na .44 Magnum. Mlenga shabaha anatoboa karatasi. Anachohitaji ni silaha tulivu mkononi, inayorudia jambo lile lile risasi baada ya risasi, na ambayo risasi zake hazimfilisi. Anayefuata ushauri wa mwindaji akiwa Nairobi ananunua mlio na teke (silaha kuruka nyuma mkononi) asilolihitaji. Ni kama mtu aliyenunua gari kuukuu la injini kubwa kwa bei ya kutupa: siku ya kununua anacheka, kwenye petroli analia.

Kabla ya kaliba, yaani upana wa risasi, leseni. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu raia kununua kwanza kisha akaombe kibali baadaye. Unaomba kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, unachunguzwa, ukikubaliwa ndipo unanunua kwa muuzaji mwenye leseni. Tangu Desemba 2018, serikali ilipoagiza wamiliki wote wakaguliwe upya, mambo haya hayana mchezo. Cheti chenyewe hutaja aina ya silaha na kiasi cha risasi unachoruhusiwa kununua na kuwa nacho kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kaliba unayoichagua leo ndiyo itakayoandikwa, na kubadili mawazo kesho ni safari nyingine ya makaratasi. Mtu akikuambia ana rivolva ya bei ya chini sana na kwamba makaratasi mtayashughulikia mbele ya safari, ondoka.

Sasa tuje kwenye risasi, kwa maana huko ndiko pesa inakokwenda. Bei ya silaha unalipa mara moja. Risasi unalipa kila unapokanyaga renji, yaani uwanja wa kulengea shabaha, na asiyeweza kumudu risasi hafanyi mazoezi, na asiyefanya mazoezi rivolva yake inabaki kuwa chuma ndani ya sefu.

Ndogo kabisa ni .22 LR, ambayo imekuwepo tangu miaka ya 1880. Kichwa chake cha kawaida kina uzito wa gramu 2.6 hivi, mlio wake ni mdogo, teke lake ni la kubembeleza. Kwa kawaida ndiyo risasi ya bei ya chini kuliko zote dukani. Mtu anayejifunza kubana kifyatulio bila kushtuka anajifunza upesi zaidi kwa .22 kuliko kwa chochote kingine. Nimeona watu wazima, waliozoea kujisifu, wakifumba macho kabla ya mlio kwa sababu walianza na silaha kubwa. Kuwaondolea tabia hiyo ni kazi kuliko kumfundisha mgeni kabisa.

Inayofuata ni .38 Special, na kama mtu atamiliki rivolva moja tu, hapa ndipo ningemwelekeza. Kichwa cha gramu 10 hivi kinachokwenda kwa mwendo wa wastani ni mzigo ambao mkono wa kawaida unaubeba bila kulalamika, mradi silaha iwe ya chuma na yenye uzito wa karibu kilo moja. Kuna risasi za .38 zilizotengenezwa mahususi kwa shabaha, zenye kichwa butu kilichokatwa wima, ambazo huacha tundu la mviringo safi kwenye karatasi na kumwondolea msahihishaji ubishi. Jambo jingine: anayetamani mashindano ya IDPA, chama cha kimataifa cha ulengaji wa kujihami, kama yale yaliyowahi kufanyika kwenye uwanja wa polisi wa Kirigiti, Kiambu, .22 haitamfikisha huko, kwa sababu kanuni za kundi la rivolva zinataka .38 kwenda juu. Tena zinadai kiwango cha chini cha nguvu, na baadhi ya risasi laini za shabaha hukipita kwa shida, kwa hiyo uliza kabla ya kununua boksi la mashindano.

Rivolva ya .357 Magnum hufyatua pia .38 Special bila taabu. Ganda la .357 ni refu kwa milimita 3 na kidogo, na urefu huo uliwekwa makusudi mwaka 1935 ili lisiingie kwenye silinda ya .38, ambayo haikujengwa kuhimili shinikizo lile. Kwa hiyo ukiipata .357 iliyotumika kwa bei ya .38, ichukue na uilishe .38 maisha yake yote. Kinachotakiwa ni kusafisha tu: maganda mafupi huacha duara la masizi ndani ya vyumba vya silinda, na likirundikana ganda refu litakataa kuingia siku utakapolihitaji.

Hapo kwenye .38 kuna mtego ambao hapa kwetu lazima utajwe, kwa sababu historia ya nchi hii imeacha bastola za Kiingereza kwenye masanduku ya watu. Rivolva za zamani za Webley na Enfield, pamoja na zile Smith & Wesson za Vita vya Pili zilizoitwa Victory, nyingi zilitumia risasi iitwayo .38/200, ambayo ndiyo .38 S&W. Jina ni .38, lakini si .38 Special. Ganda lake ni fupi na nene zaidi, na kichwa chake ni kinene kidogo. Baada ya vita baadhi ya hizo Victory zilichongwa silinda ili zipokee .38 Special na kuuzwa tena. Zinafyatua, ndiyo, lakini ganda huvimba upande wa nyuma, mara nyingine hupasuka, na risasi inapita kwenye mtutu mpana kuliko mwili wake ikienda ipendako. Ukiuziwa silaha ya aina hiyo kwa bei nzuri, omba ganda moja lililofyatuliwa ndani yake. Liviringishe juu ya meza ya kioo. Likiyumba, au ukiona tumbo limetokeza karibu na kitako, umeshapata jibu.

Urefu wa mtutu watu huuchukulia kama suala la mapambo, kumbe ni hesabu ya darasa la saba. Chukua rivolva fupi ambayo alama yake ya kulengea ya mbele na ya nyuma zimeachana sentimita 10. Ukikosea kuzipanga kwa milimita 1 tu, karatasi ikiwa mita 25, risasi itakwenda kando sentimita 25. Zikiachana sentimita 20, kosa lile lile linakuwa sentimita 12.5. Hujabadilika wewe, kilichobadilika ni chuma. Kwa shabaha tafuta mtutu wa inchi 4 hadi 6, wenye alama ya nyuma inayosogezwa kwa bisibisi ikiwezekana. Vile vifupi vya inchi 2, vyepesi chini ya nusu kilo, vimetengenezwa kwa kubebwa na si kwa kufanyia mazoezi. Mgeni akifyatua boksi moja anarudi nyumbani na kiganja chekundu na chuki ya mchezo.

Kuhusu majina, nitayapitia haraka. Taurus na Rossi ni za Brazil, Armscor ni ya Ufilipino, na zote hutengeneza rivolva za .38 za bei ya chini kuliko Smith & Wesson au Ruger. Armscor M200 ni ya kawaida kabisa: chuma, risasi sita, haina urembo, inafanya kazi. Kwenye .22 kuna Heritage Rough Rider na Ruger Wrangler iliyotoka 2019, zote za mtindo wa kizamani ambapo unavuta nyundo kwa kidole gumba kabla ya kila risasi na kutoa maganda moja moja. Kwa kujifunza si mbaya, zinakulazimisha kutulia. Kwa mashindano ya haraka sahau. Ila kama ni rivolva ya mtindo huo ya miaka ya zamani, isiyo na kinga ya ndani, nyundo ilazwe juu ya chumba kitupu na si juu ya risasi: ikianguka chini kwa nyundo inaweza kufyatuka. Ruger walianza kuweka kinga hiyo kwenye zao mwaka 1973.

Mimi kati ya rivolva mpya ya bei ya chini na ya zamani iliyotunzwa ya kampuni iliyojenga jina, mara nyingi naichukua ya zamani. Ila lazima ikaguliwe, na ukaguzi wenyewe hauhitaji fundi mkubwa.

Kwanza fungua silinda, tazama vyumba vyote, viguse kwa kidole, kisha mpe mwenzako naye atazame. Hakuna anayekagua silaha kabla ya hapo, hata ikiwa imetoka mkononi mwa muuzaji aliyesema ni tupu. Kisha funga, elekeza mtutu mahali salama, vuta nyundo polepole sana huku ukisikiliza. Silinda inapaswa kuzunguka na kujifunga *tak* kabla au pale pale nyundo inapofika mwisho. Fanya hivyo kwenye kila chumba, kwa maana ugonjwa huu hupenda kujificha kwenye kimoja. Silinda ikichelewa kujifunga, risasi haitakutana na mtutu katikati, na vipande vya risasi vitatoka pembeni kumfuata jirani yako.

Kisha shika silinda iliyofungwa uitikise mbele na nyuma, kulia na kushoto. Kucheza kidogo ni kawaida. Ikigongagonga kama jino bovu, iache. Pengo kati ya uso wa silinda na mtutu lipime kwa vile vibati vyembamba ambavyo makanika hupimia pengo la plagi: milimita 0.1 hadi 0.2 ni afya, ikipita 0.3 mwambie muuzaji asante. Tazama kwa tochi mdomo wa nyuma wa mtutu, hasa kwenye .357 iliyokula risasi kali, utafute ufa upande wa chini. Angalia pia utepe wa chuma unaopita juu ya silinda. Mfereji mdogo uliochomwa na gesi si hukumu, ila unakuambia silaha hii imefanya kazi gani. Mwisho izungushe fimbo ya kusukumia maganda. Ikiyumba, kuna mtu aliyezoea kuifunga silinda kwa kuipiga kibao mkono mmoja, kama wanavyofanya kwenye sinema.

Usifyatue .22 tupu kwa kujaribu kifyatulio mpaka usome kitabu chake kwamba inaruhusiwa, kwa kuwa nyingi sindano yake hugonga ukingo wa chumba na kuuharibu. Kwa .38, jaribu kifyatulio kwa njia zote mbili, nyundo ikiwa imevutwa na isipovutwa. Ya pili itakuwa nzito, kilo 5 au zaidi. Uzito si tatizo. Tatizo ni mkwaruzo na kukwama njiani.

Lile pengo la silinda lina jambo jingine la kukumbuka ukiwa renji. Gesi ya moto hutoka hapo kila risasi inapofyatuka, kwa hiyo vidole vya mkono wa pili vibaki nyuma ya silinda, visitambae mbele kwa mazoea ya bastola za magazini. Miwani na vizuia sauti ni lazima hata kwa .22. Na mikono ioshwe kwa maji na sabuni kabla ya kugusa mandazi, maana madini ya risasi (lead) hubaki vidoleni.

Mwombe muuzaji aipeleke silaha renji kabla hamjamalizana. Chora namba kwenye vyumba vya silinda kwa kalamu ya wino mzito, 1 hadi 6. Egemeza mikono kwenye mfuko wa mchanga, piga risasi tano kutoka chumba namba 1 kwenye karatasi yake, kisha namba 2 kwenye yake, uendelee hivyo hadi 6. Ni kazi ya mchana mmoja na risasi 30. Vyumba vitano vikiweka risasi pamoja na kimoja kikazitawanya, kasoro iko kwenye silaha, na karatasi ya chumba hicho ndiyo utakayomwekea muuzaji mezani mnapozungumza bei, au mnapoagana.