Uwanja mkubwa haumfanyishi mbwa mazoezi

"Mbwa ana uwanja mzima wa kuzunguka, matembezi ya nini?" Kauli hii utaisikia jijini Mwanza, mitaa ya Capri Point, Bwiru, hata Nyegezi. Si kweli. Mbwa akiachwa peke yake uani hukimbia pale tu anapombwekea mpita njia; muda uliobaki amejilaza kivulini. Akishazijua harufu zote za ua huo, hana jipya la kutafuta. Ndipo anapochimba chini ya ukuta, anatafuna kandambili na kubweka usiku kucha, nanyi mnasema ni mkali. Mkali wapi! Kachoka kukaa.

Anachohitaji ni kutoka, pua ikitangulia. Mwache anuse jiwe, anuse mtaro, arudi anuse tena. Kunusa kunaichosha akili yake, kwa hiyo usimburute. Mbwa kijana mwenye nguvu apate walau saa 1 kwa siku, igawe asubuhi na jioni. Jua la mchana liepuke: mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, hupoa kwa kuhema. Weka kiganja juu ya lami; usipovumilia sekunde 7, nyayo zake zitaungua.

Nawe unafaidika. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki.

Ziwani, usiingie naye penye magugu, ndiko wanakokaa konokono wa kichocho. Achanjwe kichaa cha mbwa, na kamba iwe mkononi: watoto wakimwona mbwa hutimua mbio, na mbwa humfuata anayekimbia.